Dakika Tatu Mlangoni

Mkoani, Pemba
2 Machi 1998

Kaka Hija,

Mimi mzima, na wewe nakuombea uzima, na salamu nyengine zitafuata chini. Naanza na gari, kwa sababu nikizipanga salamu kama alivyotufundisha Baba, karatasi itajaa nami sijakuuliza nililokusudia.

Unamkumbuka Jafferali wa Chake, mwenye duka la misumari na rangi? Mwanawe aliagiza gari kutoka Japani, akaiendesha miezi minane, kisha akahamia Kanada. Gari imebaki uani kwa mzee, imefunikwa turubai, na kuku wanalala juu yake. Ni Celica nyekundu ya milango miwili. Taa za mbele zimelala ndani ya boneti, ukiziwasha ndipo zinyanyuke kama macho ya kaa. Nyuma imeandikwa TURBO. Mzee anaiuza kwa sababu mkewe, Bi Sakarbai, anataka pahala pake pa kuanikia embe za achari.

Ndiyo gari ninayoitaka. Najua utacheka. Karani wa bandari, mtu wa peke yake tangu Mwanabaraka arudi kwao, na njia zetu hizi ambazo mvua ya mwaka huu imezila mpaka mifupa. Mwenzangu wa ofisini, Mbarouk, kaniuliza: "Weye wendapi na gari hiyo, na kisiwa kinakwisha hujatia gea ya tano?" Sikumjibu. Nataka gari inayokwenda, basi.

Wewe ndiye mjuzi wa gari katika ukoo wetu. Una yadi nzima ya gari huko Sharja, Uarabuni, na Baba hata baiskeli hajapata kupanda. Niambie nitazame nini na niulize nini, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mama ametimiza miezi sita jana. Baba yuko Msuka nami niko Mkoani, yeye kichwani mwa kisiwa na mimi miguuni, na hatujasemezana tangu siku ya maziko. Ukimwandikia usimtajie gari.

Nduguyo,
Mjaka


Sharja
26 Machi 1998

Mjaka, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa kwa ajili ya wale kuku tu. Huku juu ya gari hakulali kuku. Linalala vumbi.

Sikucheki. Turbo ni gari tamu ukiijua, na ukiwa huijui itakufilisi huku inakuchekea. Basi fanya hivi. Nenda asubuhi bila kumpelekea habari Jafferali. Kabla hujasema neno, weka kiganja juu ya boneti. Ukiikuta vuguvugu, jua imetiwa moto kabla hujafika, na gari inayopashwa kabla ya mnunuzi ina jambo inaficha. Mpe mzee mkono, kunywa chai yake, rudi siku nyengine. Lazima uitie moto mwenyewe, ikiwa baridi.

Ikishawaka, tazama bomba la moshi. Moshi mweupe mwepesi unaokwisha mara moja ni mvuke, usikutishe. Wa buluu ni oili inaungua, na kwa gari ya turbo mara nyingi maana yake turbo yenyewe imechoka. Fungua na kifuniko cha oili: ukikuta ute kama wa maziwa, maji yameingia ndani, ondoka wala usigeuke nyuma. Chungulia chini ya zulia uone kutu, maana chumvi ya kwetu haina huruma. Na kwa kuwa imekaa muda mrefu, mipira ya magurudumu itakuwa imekauka hata kama inang'aa. Usiipeleke mbio na mipira hiyo.

Sasa turbo. Ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa gari yenyewe, ikausukuma upepo ndani ya injini. Ukikanyaga mafuta utasikia mluzi mwembamba. Mluzi ni mzuri. Ukisikia ukelele wa chuma kwa chuma, hiyo si ya kununua. Feni hiyo inazunguka upesi usioweza kuudhania, na inaishi kwa oili inayopita humo. Ukiizima injini ghafla baada ya mwendo, oili inasimama na feni bado inazunguka, imewiva kwa moto. Oili inageuka makaa humo humo, na turbo inakufa.

Kwa hiyo hili ulishike kama sala: ukifika unakokwenda, USIZIME. Kaa ndani, injini ingurume yenyewe, dakika tatu kwa saa. Ndipo uzime, ndipo ushuke. Wengi wanaziua gari zao kwa uvivu wa dakika tatu. Mimi hapa yadini najua, kila siku nakaa dakika tatu tatu.

Ukiandika tena, usiandike gari tu. Niandikie mvua inanyesha upande gani, nani kaoa, nani kagombana na nani. Mwaka jana nilipata barua mbili kutoka nyumbani, na moja ilikuwa ya msiba.

Wako,
Hija


Mkoani
22 Aprili 1998

Kaka Hija,

Nimeinunua!

Mara ya kwanza nilipofika, kiganja changu kilikuta boneti ya moto kama kaango. Jafferali akaapa ni jua. Nikamwambia, "Jua gani, Mzee, saa moja asubuhi?" Akacheka mpaka miwani ikamwanguka, akakiri kuwa aliniona tangu nilipoteremka kwenye gari ya abiria akakimbilia ufunguo. Alitaka tu nisione aibu ya kuisukuma, maana betri ilikuwa dhaifu. Nikanywa chai, nikarudi baada ya siku tatu. Baridi. Ikawaka kwa kukohoa, moshi mweupe ukatoka ukakwisha. Kifuniko safi. Mluzi upo. Mipira nimenunua mipya kama ulivyosema.

Kaka, inakwenda! Kutoka Chake hadi Mkoani, pale njia ilipokuwa nzima, nilihisi mgongo unashikwa na kiti. Nilipofika nikakaa dakika tatu zangu nikitazama saa, watoto wa mtaa wakidhani gari imeniharibikia.

Sasa nikwambie kwa nini. Mbarouk sikumjibu lakini wewe nakujibu. Siku aliyokufa mama simu ilifika bandarini saa tatu asubuhi. Gari ya abiria ilikuwa imeshaondoka. Nikapata lori la saruji mpaka Chake, likapasuka mpira Gombani. Nikapata gari nyengine mpaka Konde, na kutoka Konde nikaenda kwa miguu, mbio, viatu mkononi. Nilifika Msuka watu wanaosha mikono ya udongo. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyekuwepo kisiwani, mimi ndiye wa kushuka kaburini kumpokea, na akapokewa na nduguye, mjomba Nyange. Nilichelewa saa mbili, Kaka. Hawakunisubiri saa mbili.

Nikamwambia Baba mbele ya watu: "Mmemfukia mama kama mwizi anavyofukia mali." Nilisema hivyo. Wewe sikukuandikia neno hilo, nilikuandikia kuwa "tulikosana kidogo".

Basi sitaki kuchelewa tena. Baba ana miaka sabini na mbili. Kutoka hapa hadi mlangoni kwake, kwa gari hii, ni saa moja na nusu. Ijumaa ijayo nakwenda Msuka kumwomba radhi, na nitakwenda kila Ijumaa mpaka anipe.

Nduguyo,
Mjaka


Msuka
20 Mfunguo Nne (17 Mei 1998)

Kwa mwanangu Hija bin Jaribu, aliye mbali na macho.

Nimepata afya, shukrani ni za Mola. Nakuandikia kwa khati ya chuoni, herufi za Kiarabu, kama kawaida yangu, nawe usome taratibu, kwa kuwa mkono sasa unatetemeka na nukta zinakwenda zitakako.

Nina mashitaka juu ya nduguyo.

Kanunua gari. Hilo silo shitaka, kila mtu na mali yake. Gari yenyewe nyekundu, imelala chini hata tumbo linasugua majani, na inanguruma kama ina kifua. Ijumaa ya kwanza baada ya sala nikaisikia inakuja tangu kwenye mikarafuu ya Bi Mwatima. Nikajua ni yeye, watoto walikuwa wanalitaja jina lake. Nikavaa kanzu, nikakaa juu ya mkeka wangu ndani, nikangoja hodi.

Gari ikasimama mlangoni. Haikuzimwa. Inanguruma tu, na mtu hashuki. Nikachungulia kwenye ufa wa dirisha nikamwona amekaa, kashika usukani, anatazama saa. Saa, Hija! Kana kwamba kanipa muda wa kutoka kumlaki. Bi Mwatima kaja uani kuniuliza: "Yuno mwanao kaja kukuamkia au kaja kukuchukua?" Nikaona haya. Katika umri wangu wote sikuona mtoto anayekaa juu ya kiti mlangoni kwa babaake akangoja babaake amfuate. Bwana shauri wa zamani, yule Mzungu wa serikali, alikuwa akifanya hivyo, alipiga honi tukatoka. Lakini yule hatukumzaa sisi.

Nikainuka nikatia komeo. Baadaye akapiga hodi tatu. Sikuitika. Ijumaa ya pili vivyo hivyo, na ya tatu vivyo hivyo. Toka sasa nikisikia ngurumo nitatia komeo mapema.

Mama yako angekuwapo angetoka, najua. Alikuwa hana kiburi. Mimi ninacho, na sioni kwa nini nikiache uzeeni.

Babaako,
Jaribu bin Nyange


Mkoani
19 Mei 1998

Kaka,

Nimekwenda Ijumaa tatu. Kila nikishuka nakuta mlango una komeo. Napiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama tulivyofundishwa, na ya tatu isipoitikiwa mtu huondoka. Nami naondoka. Na yumo ndani, Kaka, viatu vyake viko kizingitini na naisikia redio yake.

Mara ya mwisho nilipofika mlango ulikuwa wazi. Nimeuona wazi kwa macho yangu kutoka garini. Nikafurahi, nikazihesabu dakika zangu tatu. Na nilipozima gari nikashuka, nikasikia komeo linaingia.

Mtu anayefunga mlango baada ya kukuona anakwambia nini? Nieleze wewe mkubwa.

Mjaka


Sharja
11 Juni 1998

Baba yangu mheshimiwa,

Barua yako imenifikia, na khati yako bado ni nzuri kuliko ya mtu yeyote huku. Nimeisoma kwa sauti chumbani peke yangu, niisikie.

Habari ya Mjaka imenisikitisha. Huenda kuna jambo, huenda hakuna. Usifanye haraka ya kumhukumu, wala usifanye haraka ya kumsamehe. Niandikie kila linalotokea, usiache dogo wala kubwa, nami nitapima. Mbarouk, anayefanya kazi na Mjaka, ana nduguye baharia anayefika huku kila mwezi. Mpe yeye barua zifike upesi.

Na mikarafuu ya Bi Mwatima imezaa?

Mwanao,
Hija


Sharja
11 Juni 1998

Mjaka,

Vumilia. Wazee ni wagumu. Endelea kwenda Ijumaa zako, na gari uitunze kama nilivyokueleza. Niandikie kila safari ilivyokuwa, hata kama hakuna jipya. Nitakuwa kati yenu mpaka jawabu lipatikane.

Hija


Msuka
25 Mfunguo Sita (20 Julai 1998)

Kwa mwanangu Hija,

Hii ni barua ya tano mwaka huu, sijapata kukuandikia hivi tangu uondoke. Kunywa kahawa yangu peke yangu kumenichosha, na nikiandika naona kama uko upande wa pili wa mkeka. Nimekueleza mpaka habari za mbuzi. Nawe unanijibu upesi na unaniuliza, kisha unaniuliza tena. Nakushukuru.

Lakini hili la Mjaka nimelifikisha mwisho. Ijumaa iliyopita alikuja tena, akakaa tena, injini ikanguruma mpaka mtoto mchanga wa jirani akaamka. Jana nimekwenda kwa Shehe wetu wa msikiti, nikamwambia mbele ya mashahidi wawili: siku yangu ikifika, Mjaka asinioshe wala asiingie kaburini kunipokea. Mtoto asiyeweza kushuka garini kwa ajili ya babaake hai, asishuke kaburini kwa ajili ya babaake maiti. Shehe alinisihi nisiseme hivyo. Nikamwambia nimesema.

Nimeona nikuarifu wewe, maana ndiye mkubwa.

Jaribu bin Nyange


Sharja
9 Agosti 1998

Baba,

Naomba barua hii uisome yote kabla hujakasirika, na ukishakasirika uisome tena. Nimempa nduguye Mbarouk kwa mkono, kaniahidi haitalala njiani.

Mjaka hana kosa. Kosa ni langu.

Gari ile ina kifaa ndani kinachoungua ukiizima ghafla baada ya mwendo. Mimi ndiye niliyemwandikia kuwa akifika popote asizime wala asishuke mpaka zipite dakika tatu kwa saa. Nilimwambia alishike kama sala, naye kalishika. Anapotazama saa mlangoni kwako hakungoji wewe. Anahesabu dakika nilizompa. Yeye alinunua gari ile ili akufikie upesi. Alichelewa kumzika mama na hataki kuchelewa tena, na kila Ijumaa anakuja kukuomba radhi kwa neno alilolisema.

Na hata dakika hizo hazikuhitajika, Baba. Njia ya Konde hadi Msuka ni mashimo na mizizi, mtu anakwenda mwendo wa punda, na mpaka afike kwako kile kifaa kimekwisha poa zamani. Angeweza kuzima na kushuka saa ile ile. Nilipomwandikia nilikuwa nafikiri njia za huku, zilizonyooka. Njia ya kwetu nilikuwa nimeisahau. Nimekaa nikajaribu kuikumbuka usiku kucha, sikupata hata ule mkato wa mwisho unakata wapi.

Sasa lililo baya zaidi. Haya niliyajua tangu Juni. Barua yako na ya Mjaka zilinifikia wiki moja, nikaziweka zote mbili juu ya kitanda na nikaona mara moja kilichotokea. Sikusema. Nilikwandikia "huenda kuna jambo" na jambo nilikuwa nalo mkononi. Miaka kumi na minne niko huku napata barua kwa bahati, na mlipogombana zikaanza kuja kama mvua. Mbuzi wako nawajua mmoja mmoja. Nilijua mkisikizana hamtakuwa na la kuniambia, nikasema acha mwezi mmoja zaidi. Kisha mwengine. Ukaenda kwa Shehe.

Na mimi sina yadi. Yadi ni ya mtu. Kazi yangu ni kuziwasha gari zisizouzwa ili betri zisife. Kila asubuhi naanza safu ya kwanza mpaka ya mwisho, mia mbili na kitu, nawasha, nakaa, nazima, nakwenda nyengine. Sijapata kuendesha hata moja nje ya lango. Karatasi zangu zimekwisha muda tangu zamani, na nikitoka nchi hii siwezi kurudi, na nikirudi nyumbani nitakuja mikono mitupu, na nyote mnadhani mimi ni tajiri. Aibu hiyo ndiyo iliyonizuia. Hata mama alipofariki ndiyo iliyonizuia.

Rudi kwa Shehe, Baba. Lifute neno lile. Mlango nifungie mimi.

Mwanao,
Hija


Sharja
2 Novemba 1998

Mjaka,

Hii ni ya tatu nakuandikia tangu Agosti. Nduguye Mbarouk kaniambia barua ya Baba aliifikisha mwenyewe, akaiona inafunguliwa. Zaidi ya hapo hajui.

Najua nimewakosea. Nilikupa wewe dakika tatu, kisha nikazitumia mwenyewe kwa miezi miwili. Ukiwa umekasirika, niandikie matusi, nitayasoma yote. Ukiwa hukukasirika, niandikie gari inakunywa petroli kiasi gani. Niandikie chochote.

Wiki iliyopita iliingia Celica nyekundu safu ya nne. Nimeiwasha siku sita. Leo asubuhi imeuzwa.

Hija


Msuka
17 Shaaban (6 Desemba 1998)

Kwa mwanangu Hija bin Jaribu.

Anayeshika kalamu ni Mjaka, mimi nasema naye anaandika, macho yangu hayaoni tena nukta. Kwa hiyo usome khati ya Kizungu safari hii.

Barua yako ya Agosti niliisoma Jumatano. Ijumaa nikaisikia gari tangu kwa Bi Mwatima, nikatoka nikasimama njiani. Ilipokuja nikafungua mlango wa pili nikaingia, kwa taabu, maana kiti kiko chini kama kinu kilichopinduliwa. Nikamwuliza, "Zimebaki ngapi?" Akashtuka, kisha akasema mbili na nusu. Nikamwambia basi tuzikae, asizime, japo hazihitajiki, maana nilikuwa na la kumwambia na nilipenda nimwambie tukiwa tunatazama mbele sote wawili.

Nikamwambia habari ambayo sikumwambia mtu. Siku ya mama yako nilimngoja Mjaka. Alikufa alfajiri. Watu walitaka atoke saa nne, nikakataa. Saa sita wakaniambia maiti hangojwi, nikasema mwanangu yumo njiani. Adhuhuri ikasaliwa, Shehe akanishika bega, nikasema bado. Kulikuwa na joto. Nilimngojesha mama yako mpaka watu wakaanza kunong'ona kuwa Jaribu kachanganyikiwa, ndipo nikainua mkono achukuliwe. Na saa mbili baadaye akaja huyu akaniita mwizi. Ndiyo maana lilinichoma.

Mjaka akalia, nami nikalia, na petroli ikaungua bure.

Sasa anakuja kila Ijumaa, hulala, tunakwenda Konde kwa gari kununua samaki na watu wanasimama kututazama. Sikukuandikia kwa sababu hatukuwa na kesi ya kukuletea. Ulisema kweli katika hilo.

Wewe sina hasira nawe. Yadi siitaki. Hukuwahi kuambiwa na mtu wa nyumba hii uje na kitu mkononi, hilo ulijiambia mwenyewe. Bi Mwatima anakusalimu, na mikarafuu yake mwaka huu imezaa vizuri. Mwezi wa Ramadhani unaingia, Mola akuvushe salama.

Babaako,
Jaribu bin Nyange

Kaka, hapa ni mimi peke yangu. Baba kaenda kusali, na hili kanikataza nisiliandike. Lakini nimeshajua uchungu wa kufichwa jambo, siwezi kukuficha.

Jana tulikwenda pamoja kwa Shehe. Baba alilifuta lile neno, na akapanga upya mbele ya mashahidi wale wale. Nimuoshe mimi. Kaburini tushuke watatu, mimi upande wa kichwani, Mbarouk katikati, na mjomba Nyange miguuni. Shehe akamwuliza, "Na mkubwa wao, yule wa Sharja? Akipewa habari tumpe muda?"

Baba akasema, "Hija msimngoje."

Nilimwuliza njiani kama ndivyo atakavyo. Akasema ndivyo, na akanitaka niape. Nimeapa.

Mjaka